Maksi za Tivii ya Dada

Mimi ndiye niliyemwambia dada yangu awapikie waamuzi sato. Naanza na hilo ili msije mkanitafutia visingizio mbele ya safari. Wengine nao walikosea, kila mtu kwa kiasi chake, lakini wazo la samaki lilikuwa langu, na nililitoa nikiwa nimekaa, nimeshiba, na akili zangu zote ninazo. Nilisema hivi, kwa sauti ya mtu aliyefika kidato cha nne: "Mwenye njaa haoni vizuri. Wape chakula kwanza, ndipo watazame picha." Dada akanisikiliza. Na kwa kunisikiliza akapoteza ng'ombe.

Nieleze kwanza nilikuwa nani katika ua ule. Wenzangu niliomaliza nao shule walitawanyika. Mmoja alikwenda Mwanza, mmoja alivuka mpaka wa Sirari akarudi na viatu vya kuuza, mwingine aliingia ziwani na nyavu za baba yake. Mimi nilifika Kitaji, pale Musoma, kwa dada, kumsalimia tu, nikakaa miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kufungua na kufunga banda la kuku, kuwasaidia watoto wake hesabu, na kuwa na maoni. Dada alikuwa mjane, ana watoto watatu. Wageni wakija alikuwa akiwaambia, "Huyu ni mdogo wangu, anapumzika." Wakiuliza anapumzika kutoka wapi, anajibu, "Kutoka shule." Shule yenyewe ilikuwa imeshapakwa rangi mara mbili tangu niondoke.

Dada alikuwa mchuuzi wa samaki. Miaka ya shida, wakati sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ya kujuana, yeye hakulala njaa, kwa sababu samaki wa Mugango hakuhitaji kibali cha mtu. Kisha ikaja ruksa. Maduka yakajaa vitu, tukafurahi. Viwanda vya samaki navyo vikaja, tukafurahi pia, maana tulikuwa hatujajua. Magari yao ya barafu yakawa yanasubiri mwaloni kabla mitumbwi haijafika. Sangara wote wenye nyama wakapanda magari yale wakaenda zao Ulaya, na wanawake wa Mugango na Kiriba wakabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, kile kinachobaki kiwanda kikishakata minofu. Dada akawa anayakaanga mapanki pale uani na kuyauza kwa watu waliokuwa wamezoea kula samaki mzima. Wateja wakimtukana kwamba samaki wake hana nyama, anawajibu, "Nyama iko kwenye ndege. Mkimbilie."

Siku moja akachoka. Aliona vijana wanavyojazana kwenye vibanda vya video, akasema na yeye atafungua cha kwake, sebuleni, Jumamosi na Jumapili mchana, kwa watu wazima wenye adabu zao. Tivii hakuwa nayo. Alikuwa na ng'ombe.

Ng'ombe yule, mwekundu, mpole, alitoka Butiama kwa mjomba wetu. Shemeji alipofariki mjomba alimleta mwenyewe, akamfunga kwenye mti wa uani, akasema, "Huyu ni wa watoto, wanywe maziwa. Si wa kuuza." Sasa, dada hakumuuza. Alimbadilisha. Tofauti kati ya kuuza na kubadilisha nilimweleza mimi, siku alipokuja kuniomba ushauri, na nilimweleza vizuri sana.

Aliyembadilishia alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Bunda, mzee wa Kiislamu mwenye duka la redio, saa na tivii zilizokwisha kutumika, mtu wa kofia safi na maneno machache. Alikuja na pikapu. Akashusha tivii ya rangi, kubwa, na deki, na kaseti moja ya harusi ya watu tusiowajua, ya kuanzia. Akapandisha ng'ombe, ambaye wakati huo alikuwa na mimba. Tukaagana vizuri.

Tukawasha. Bwana harusi akatokea, kijani.

"Huyu mtu anaumwa?" dada akauliza.

"Labda ni taa za ukumbini," nikasema.

Tukatazama kidogo.

"Na keki inaumwa?"

Niligeuza vifungo vyote vya mbele, na viwili vya nyuma ambavyo karatasi ilisema visiguswe. Kijani kikapungua, kikaja kizambarau, kila mtu ukumbini akawa kama amepigwa. Nikarudisha kijani. Nyekundu haikuwepo kabisa. Maua ya wasimamizi, ambayo mtu yeyote angejua ni mekundu, yalikuwa rangi ya udongo, na nyuso za watu zilikuwa rangi ya mlenda uliolala. Watoto walicheka. Dada hakucheka. Alikaa kwenye kiti chake cha kukaangia mapanki, mikono magotini, akitazama ng'ombe wake anavyokata keki.

Upande wa pili wa ukuta palikuwa na fundi cherehani. Huyu na dada walikuwa hawaongei. Moshi wa mapanki ulikuwa unapanda ukuta na kuingia kwenye vitambaa vyake, na siku gauni la bibi harusi mmoja liliporudishwa kwake kwa sababu linanuka kichwa cha sangara, salamu zilikatika. Tangu hapo fundi hakuongea na dada. Aliongea na ukuta, kwa sauti, sisi tukiwa upande wa pili.

"Kuna watu," akauambia ukuta jioni ile, "wamenunua tivii, bibi harusi anaonekana kama amezikwa akafukuliwa."

"Ziba hilo dirisha lako!" dada akapiga kelele.

"Nikilifungaga, samaki wako ananifuata kupitia mlangoni."

Wiki hiyohiyo akapita mtu wa Butiama na salamu za mjomba: anakuja mwisho wa mwezi kuona ng'ombe amezaa nini. Dada aliposikia alikaa chini. Halafu akasimama, akafunga kilemba, akaniambia, "Vaa shati. Tunakwenda Bunda. Nataka ng'ombe wangu."

Dukani mzee alitupokea kwa heshima, akatuletea viti. Dada hakukaa.

"Mzee, tivii yako mbovu. Haina nyekundu."

"Mama, tivii iliwaka?"

"Iliwaka."

"Ilionyesha watu?"

"Ilionyesha wagonjwa!"

"Mimi nauza tivii, mama. Macho siuzi. Rangi ni mazoea. Wewe umezoea rangi za ziwani, zile ni za ukumbini."

Dada alimsogelea mpaka nikaogopa. "Mzee wangu, sikiliza. Mimi nimeuza samaki tangu sijavunja ungo. Nikifunua shavu la samaki najua amevuliwa leo au jana, na nikiwa upande wa pili wa barabara najua pia. Nyekundu usinifundishe wewe."

"Na mimi nimeuza tivii kwa watu wengi, hakuna aliyerudi."

"Walikuwa vipofu?"

"Walikuwa wastaarabu."

Mambo yalikuwa yanaelekea kubaya. Watu walikuwa wameanza kusimama mlangoni. Laiti wakati ule mtu angenikanyaga mguu. Hakuna aliyenikanyaga, nikaingilia.

"Mzee anasema kweli," nikasema, dada akanigeukia kama ameumwa na nge. "Kila mtu ana jicho lake. Jicho moja si ushahidi. Basi tuchukue macho kumi, kila moja litoe maksi, tujumlishe."

"Macho kumi ni watu watano," mzee akasema.

"Watu kumi, mzee. Unaleta tivii nyingine kutoka hapa dukani, ukubwa uleule, tunaziweka pamoja, kaseti moja. Kila mtu anatoa maksi juu ya kumi kwa hii na kwa hii. Ya dada ikishindwa, unachukua tivii yako, ng'ombe anarudi. Ikishinda au ikilingana, yamekwisha."

Mzee akanitazama. "Mambo haya umeyasomea wapi, kijana?"

"Fizikia, mzee."

"Ulipata ngapi?"

"Tusiingie huko."

Akakubali. Nadhani alikubali kwa sababu watu wa mlangoni walikuwa wanasikia. Nikaomba karatasi, nikaandika masharti kwa mwandiko wangu mzuri, na la mwisho nililiongeza mwenyewe bila kuombwa: waamuzi wasiambiwe maksi zao ni kwa ajili ya nini, ili wasipendelee. Nililisoma mara mbili kwa sauti. Tukatia sahihi wote watatu. Njia nzima kurudi Musoma nilijiona mtu.

Jumamosi ile niliamka mapema, jambo ambalo kuku wenyewe walilishangaa. Nilipima kwa kamba umbali wa kila kiti. Nilifunga mapazia ili jua lisipige vioo. Mzee alipofika na tivii ya pili, na waya wenye mikono miwili wa kuziunganisha zote kwenye deki moja, nikachana khanga kuukuu nikafunika majina ya viwanda, ili mtu asivutwe na jina. Nikaandika kwa chaki: moja, mbili. Namba moja, ya dada, ilikaa mezani, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe miezi mitatu, na pembeni yake picha ya marehemu shemeji. Namba mbili ilikaa juu ya kreti la soda. Nikarudi nyuma nikatazama, nikaona hakuna mtu duniani anayeweza kujua ipi ni ya nani.

Waamuzi niliwachagua mimi pia. Wanawake kumi wanaouza samaki, wenzake dada, wa Mugango na Kiriba. Nilikuwa na sababu: macho yao. Mwanamke anayeshinda mwaloni akichagua samaki kwa rangi ya shavu, kama hatambui kwamba bibi harusi amekuwa kijani, nani atatambua?

Fundi alisikia. "Nasikia kuna watu wanapima rangi leo," akauambia ukuta. "Na mtu mwenye nyuzi za rangi zote hajaitwa."

Dada akanong'ona, "Huyo asikanyage hapa."

"Hawezi kuwa mwamuzi," nikamwunga mkono kitaalamu. "Kwanza ana kinyongo. Pili anajua habari ya ng'ombe, amesikia yote ukutani. Sharti linamkataza."

"Ndiyo," dada akasema. Mara moja moja alikuwa ananiheshimu.

Ndipo nikasema lile la njaa. Wanawake wanatoka mwaloni, hawajala tangu asubuhi, watatazamaje? Dada akaagiza sato watatu wakubwa, mali ambayo kwa wakati ule ilikuwa ya watu wa magari. Akawapika wa mchuzi, akasonga ugali wa udaga wa muhogo, mweusi, mzito, unaong'aa. Waamuzi wakaja wamevaa khanga za kutokea. Mzee naye akala. Dada akazunguka na birika la kunawa, akimwagilia kila mmoja mikono. Walipokwisha kushiba wakashukuru, wakaombea nyumba, nikawasha mashine.

Wakatokea watu kwenye vioo mara mbili. Namba mbili: bibi harusi mweupe, maua mekundu, uso wa rangi ya uso. Namba moja: mlenda. Hata kuku aliyepita mlangoni angeona. Nilishika daftari langu nikatulia, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha.

Nilianza na mama mkubwa wao, mwanamke aliyekuwa akipanga bei mwaloni na wanaume wakanyamaza.

"Mama, namba moja, juu ya kumi?"

Akatazama tivii. Akatazama kitambaa cha kufuma. Akamtazama dada, ambaye bado alikuwa na birika mkononi.

"Tisa," akasema.

Nikadhani sijasikia. "Ngapi?"

"Tisa, baba. Ni nzuri. Mungu amwongeze."

"Na namba mbili?"

"Nayo si mbaya." Akafikiri. "Saba."

"Mama, hebu tazama tena bibi harusi wa namba moja. Humwoni kama..."

"Msimamizi," mzee wa Bunda akasema kutoka kwenye kona yake, "haruhusiwi kumfundisha mtahiniwa." Hilo nalo lilikuwa kwenye karatasi.

Wa pili akatoa tisa. Wa tatu akatoa kumi, akapiga na vigelegele. Wa nne aliuliza kwanza, "Hii ya kijani ndiyo ya kisasa zaidi, eh?" akajijibu mwenyewe, akatoa tisa. Dada alikuwa ameanza kuelewa. Nilimwona anavyokonyeza, anavyokunja uso, anavyotikisa kichwa nyuma ya mgongo wa mzee, lakini wanawake wale waliona ni unyenyekevu wa mwenye nyumba, wakazidi kumpandisha.

"Jamani," dada akasema, "semeni kweli. Sitakasirika."

"Tunasema kweli, dada!"

"Hongera, mwenzetu!"

"Sisi tungepata wapi kama hii? Tunabaki na mapanki yetu."

"Hata ikiwa mbaya, semeni!"

"Mbaya? Nani kasema mbaya? Mwenye wivu huyo!"

Huko upande wa pili wa ukuta mtu alikuwa anakohoa, kikohozi cha mtu asiyeumwa.

Nilijumlisha mara tatu. Namba moja, tisini na moja. Namba mbili, sabini na nne. Mzee akavaa miwani, akahakikisha, akakunja karatasi yangu akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Hongera, mama," akasema bila kucheka. "Tivii yako ni nzuri kuliko yangu. Na samaki alikuwa mtamu." Akapakia ya kwake kwenye pikapu, akaenda.

Nilitoka kwenda kufunga banda la kuku, ingawa jua lilikuwa bado liko juu. Waamuzi walikuwa langoni, wanavaa kandambili zao, wanacheka mpaka wanashikana.

"Mliwaona wale watu?"

"Kama waliofufuka!"

"Mimi nilipomwona bwana harusi nikasema huyu ini limeoza."

"Na watoto wenye maua! Kijani kama mijusi!"

Nikamwita dada kwa sauti ambayo sikuwahi kumwita nayo. Alitoka pekupeku, mwiko mkononi.

"Kumbe mliona!" akawaambia.

Kicheko kikakatika. Mama mkubwa akajikohoza. "Tuliona. Tuna macho."

"Sasa tisa ya nini?"

"Wee! Ulitaka nile samaki wako, uninawishe maji kwa mkono wako, halafu mbele ya mgeni mwenye kofia nikwambie kitu chako kibovu? Mimi nililelewa, mwenzangu. Kwetu mgeni anasifu. Hata chumvi ikizidi tunasifuga."

"Hiyo tivii ni ng'ombe wangu!" dada akalia, na pale langoni akawamwagia yote: Butiama, Bunda, karatasi, mjomba anayekuja. Kadiri alivyosema, nyuso zao zilibadilika, halafu wakaja juu.

"Ungesema! Ningeipa sifuri na mfupa mdomoni!"

"Mimi ningeitemea mate!"

"Unatuita tuue ng'ombe wako halafu hutuambii? Mtu wa namna gani huyo?"

"Kwa nini hatukuambiwa? Nani alisema tusiambiwe?"

Dada alinitazama. Wote kumi wakanigeukia. Mama mkubwa akanitazama kuanzia miguuni mpaka juu, taratibu, kama anavyotazama samaki anayeuzwa kwa bei ya leo na kavuliwa juzi, akasema, "Na ndiye aliyesoma." Wakaondoka bila kuniaga.

Dada hakuniuliza tena ushauri. Jumatatu alinisukumia nauli mkononi, nikaenda Bunda peke yangu kuomba mtihani wa marudio. Nilikuwa na hoja mpya, nilizipanga njiani: waamuzi wasijuane na mwenye tivii, wasile kwanza, maksi zitolewe kimya, kila mtu atumbukize punje kwenye kopo, mahindi kwa hii, maharage kwa ile. Nilizieleza vizuri. Mpaka leo naamini zilikuwa hoja nzuri.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akatoa karatasi ya masharti.

"Huu mwandiko wa nani?"

"Wangu."

"Sahihi hii?"

"Yangu, mzee. Lakini wale akina mama walisema uongo kwa adabu."

"Ulitaka niwalete mimi? Umewachagua wewe, umewalisha wewe, umewauliza wewe. Mimi nimekula na nimekaa kwenye kona." Akaniletea soda, hilo siwezi kumnyima. Nilipokuwa nainywa akaongeza, akitazama barabarani, "Ng'ombe amezaa. Jike."

Niliweka chupa chini. Nikamwuliza kama naweza kumwona. Akasema naweza, yuko nyuma. Sikwenda. Nilipofika nyumbani nikamwambia dada kwamba mzee amekataa. La ndama sikusema. Alilijua baadaye kwa watu wengine, na siku alipolijua watoto walitembea kwa vidole kutwa nzima.

Mjomba alikuja kama alivyosema. Aliingia uani, akautazama mti, akaitazama kamba iliyoning'inia, akaukubali mkono wa dada. Ndani akakaa. Dada alipiga magoti, akamweleza mwenyewe, hakunisingizia hata kidogo, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Nionyeshe alichogeuka," mjomba akasema.

Nikawasha. Mjomba alitazama harusi yote, tangu watu wanaingia ukumbini mpaka wanatoka, mikono juu ya fimbo. Hakukohoa. Kaseti ilipokwisha akageuka.

"Sasa hii inakamuliwa saa ngapi?"

Mimi, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikaanza kumweleza. Nilimweleza juu ya jicho moja na macho mengi, juu ya wastani, juu ya mapazia na kamba. Nilimwambia kosa halikuwa katika njia ya kupima, lilikuwa katika chakula. Nilitaka aelewe kwamba kama si samaki tungeshinda.

"Chakula nani alisema kipikwe?" akauliza.

"Mimi, mjomba."

"Kumbadilisha ng'ombe nani alisema si kumuuza?"

"Mimi."

"Miaka mingapi unakaaga hapa?"

"Sita, mjomba. Napumzika."

Akasimama, tukamfuata uani. Akanyoosha fimbo, akaielekeza kwenye banda la kuku, ambalo nyuma yake palikuwa na chumba changu.

"Binti yangu," akamwambia dada, "watoto wako lazima wanywe maziwa. Nina mtamba mwingine mwenye mimba, nitamleta. Lakini sileti ng'ombe kwenye ua anaolala huyu. Atamfanyia mtihani naye. Siku atakapoondoka, tuma mtu Butiama."

Niligeuka kumtazama dada. Nilitegemea atasema neno, kwamba mimi ni damu yake, kwamba watoto wamenizoea, kwamba hesabu zao nani atawafundisha. Nilimwona anafikiri. Alitazama ule mti, akatazama chumba changu, akarudi kwenye mti.

"Mjomba," akasema, "huyo mtamba mimba yake ina miezi mingapi?"

Nilisikia kiti kinaburutwa upande wa pili, kichwa cha fundi kikatokea juu ya ukuta, futi ya kupimia imening'inia shingoni, na kwa mara ya kwanza tangu gauni lile lirudishwe akamsemesha dada moja kwa moja:

"Mama, mimi sikuitwa, lakini maksi zangu nilishatoa siku ileile: tivii naipa mbili, kwa sababu ina sauti, huyo mdogo wako sifuri. Chukua ng'ombe."